Adapta ya plagi na mvumo usioisha kwenye spika

Mzee mmoja wa Upanga alinipigia simu Jumapili asubuhi. Aliishi Hamburg miaka mingi, akarudi nyumbani na mtambo wake wote wa muziki: amplifaya nzito kama mfuko wa saruji, spika mbili za mbao zinazonifika kifuani, na mashine ya santuri aliyoizungushia mablanketi ndani ya kontena.

"Kijana wangu," akaniambia baada ya salamu, "kule muziki ulikuwa unaanza kwenye ukimya. Hapa kuna kitu kinavuma nyuma yake, kama nyuki mzingani. Nimeagiza waya mpya wa umeme kutoka Ujerumani, ule mnene wa bei kubwa. Umefika, nimeufunga, na nyuki wapo vilevile."

Nikamuuliza: "Mzee, hiyo plagi ya Kijerumani umeichomekaje kwenye soketi ya hapa?"

"Kwa adapta."

"Adapta gani?"

"Ile nyeupe, ya kila nchi. Niliichukua Kariakoo."

Waya ulikuwa umebadilika, lakini adapta ilibaki palepale. Nikachukua mita, bisibisi na plagi mbili za ampea 13, nikaondoka.

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitambo ya sauti, zaidi ya majumbani. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama adapta ya plagi inaharibu sauti. Msimamo wangu ni huu: shaba iliyomo ndani ya adapta haina ladha. Haiongezi besi, haipunguzi makali ya tarumbeta, haimsogezi mwimbaji mbele wala nyuma. Umeme umeshapita kilomita za nyaya za nguzoni na mita nyingi ndani ya ukuta kabla haujaigusa. Adapta inaharibu kwa kile inachokikata na kile inachokilegeza, na inachokikata mara nyingi zaidi ni ethi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Tazama plagi ya Kijerumani, ile iitwayo Schuko. Ina pini mbili za duara, na ethi yake haina pini: ni vipande viwili vya chuma vilivyolala ubavuni mwa plagi, kimoja juu, kingine chini. Soketi ya Kijerumani ina ndimi mbili zinazovikumbatia. Sasa chukua adapta ya kila nchi. Mbele ina matundu yanayopokea pini za duara, lakini hakuna ulimi wowote unaogusa ubavu wa plagi. Nyuma ina pini tatu nene za soketi zetu, na ile ya tatu, ya juu, wakati mwingine ni plastiki tupu. Hata ikiwa chuma, kwa plagi ya Schuko haijaunganishwa na kitu.

Soketi tunazotumia Tanzania, Kenya na Uganda tulizirithi kwa Waingereza. Kanuni yake, BS 1363, ilitolewa mwaka 1947. Pini ya ethi ilifanywa ndefu kuliko wenzake makusudi: iingie kwanza, isukume vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini, na ethi iwe imeshashika kabla umeme haujafika. Wengi wetu tumekua tukifungua vifuniko hivyo kwa biro au kijiti ili plagi ya pini mbili ipite. Adapta isiyo na ethi inafanya kazi ileile ya biro, tofauti ni kwamba imevaa vizuri.

Kwa chaja ya simu, hilo halina neno kwa upande wa ethi. Kifaa chenye alama ya mraba ndani ya mraba kimefunikwa kwa tabaka mbili za kinga na hakihitaji ethi. Lakini amplifaya kubwa yenye kasha la chuma na tundu la pini tatu nyuma yake ilichorwa kwa kutegemea ethi ipo. Ndani yake, pale umeme unapoingilia, mara nyingi kuna kapasita mbili ndogo za kuchuja kelele: moja inatoka laini, waya unaoleta umeme, kwenda kwenye kasha, nyingine inatoka nyutro, waya unaourudisha, kwenda kwenye kasha. Zinapitisha mkondo mdogo sana, ambao kazi yake ni kushuka ardhini. Ondoa ethi, na kasha linabaki limening'inia katikati ya kapasita hizo mbili, kwenye nusu ya umeme wa ukutani. Kwa volti 230 ni kama volti 115.

Nilipofika kwa mzee, nilichomoa kwanza nyaya zote za muziki, kisha niliweka ncha moja ya mita kwenye skrubu ya amplifaya na nyingine kwenye ethi ya soketi jirani. Mita ikasoma volti 108. Nikamuuliza kama huwa anahisi kitu akipitisha mgongo wa kidole juu ya kasha nyaya hizo zikiwa zimechomolewa. "Ndiyo," akasema, "kama linatetemeka. Nilidhani ni transfoma." Ule si mtetemo wa transfoma. Ni mkondo unaopita mwilini mwako. Ni mdogo, hauui, lakini unakuambia kwamba kinga yako haipo. Siku laini yenyewe ikikatika ndani na kugusa kasha, hakutakuwa na njia ya kukata fyuzi wala kuangusha breka, na umeme utapita kwa mtu atakayeligusa.

Na sauti je? Mkondo ule hautulii. Ukikosa ethi unatafuta njia nyingine ya kushuka, na kwa mzee njia hiyo ilikuwa king'amuzi. Amplifaya imeungana na king'amuzi kwa waya wa RCA, ule wa kawaida wa kupitisha sauti, king'amuzi kimeungana na dishi kwa kebo ya antena, na dishi limefungwa kwenye bomba la chuma lililosimikwa ardhini nyuma ya nyumba. Hiyo ndiyo ethi yake amplifaya ilikuwa imejitafutia, na ilipita katikati ya njia ya muziki.

Fuata hesabu pamoja nami. Tuseme mkondo unaovuja ni nusu milliampea. Waya mzuri wa RCA una ukinzani wa kama omu 0.1 kwenye ngao yake, ule wavu wa chuma unaouzunguka, kwa hiyo unazaa mikrovolti 50. Muziki wa kawaida kutoka kwenye mashine ya CD unafika volti 2, mara 40,000 zaidi ya hapo. Ni tofauti ya desibeli 92, hutasikia kitu. Lakini waya wa mzee ulikuwa ule mwembamba unaokuja ndani ya boksi la king'amuzi, na ncha zake zilikuwa zimeshaingia ukungu wa kijani. Ukinzani ukipanda hadi omu 1, kelele inakuwa mikrovolti 500, na kwenye chumba kilichotulia, usiku, spika nzuri zitakuonyesha. Tena spika nzuri ndizo zinazoonyesha zaidi.

Santuri ndiyo inayoumia kuliko vyote. Sindano ya kawaida inatoa millivolti 5 hivi, wala si volti 2. Mikrovolti 50 zilezile ambazo mashine ya CD haikuzijali, hapa ni sehemu moja kwa mia ya muziki wenyewe. Zaidi ya hapo, hatua ya santuri ndani ya amplifaya inanyanyua besi kwa makusudi, kwa sababu besi hupunguzwa wakati wa kuchonga santuri. Pale kwenye hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, mahali hasa unapokaa umeme wetu, inanyanyua kama desibeli 17 juu ya sauti za katikati. Na mkondo ukishaingia kwenye nyaya za ndani ambazo ingizo zote zinazitumia kwa pamoja, huna haja ya kuwa umechagua king'amuzi ili uusikie. Mzee alikuwa anachagua santuri na nyuki wanakuja.

Kuna jambo la pili, ulegevu, na hapa pwani ni kubwa kuliko bara. Pini nyembamba za Ulaya, zile za vifaa vidogo, zina unene wa milimita 4 na nafasi ya milimita 19 kati yake. Pini zetu zimeachana milimita 22 na ushee. Ukiilazimisha pini ya Ulaya kwenye soketi yetu, chuma kinagusa kwa ukingo tu, na ndimi za soketi zinapanuka zisirudi. Ongeza hewa ya chumvi ya Tanga, Dar au Mombasa, na baada ya misimu miwili una kutu pale palipotakiwa kung'aa. Mgusano mbovu wa omu 0.1 ukipitisha ampea 1 unapoteza volti 0.1 kati ya 230, hakuna sikio linalojua. Ukipitisha ampea 10, mgusano uleule unatoa wati 10 za joto ndani ya plastiki ndogo kuliko yai. Hivyo ndivyo adapta zinavyogeuka rangi ya kahawia na kunuka. Kwenye muziki utausikia ulegevu kama mkwaruzo au mlio wa "pa" pale friji inapowaka au mtu anapopita akitikisa sakafu, kwa sababu cheche ndogo inarusha kelele za masafa mapana. Huo sio mvumo. Mvumo haukatiki, cheche inakuja na kuondoka. Ukizitofautisha hizo mbili kwa sikio umeshamaliza nusu ya kazi.

Niseme haraka kuhusu volti, maana kila mwaka naletewa maiti za amplifaya. Mitambo mizuri ya mitumba kutoka Japani imetengenezwa kwa volti 100, ya Marekani kwa volti 120. Adapta inabadilisha umbo la pini tu. Haigusi volti. Tena mashine ya santuri yenye mota inayofuata hezi za umeme, ikiwa ilitengenezwa kwa hezi 60, hapa kwetu kwenye 50 itazunguka polepole: mizunguko 33⅓ itakuwa kama 27.8, na mwimbaji atashuka zaidi ya nusu-toni tatu. Stepudauni haitibu hilo, inashusha volti na kuacha hezi kama zilivyo.

Kwa vifaa vya pini mbili kuna jaribio ninalolipenda, na halina gharama. Plagi ya Ulaya inaingia upande wowote, kwa hiyo laini na nyutro zinaweza kubadilishana. Transfoma haina ulinganifu kamili ndani yake, upande mmoja unavujisha zaidi ya mwingine. Chomoa nyaya zote za muziki, washa kifaa, pima volti kati ya kasha na ethi, kisha geuza plagi upime tena. Acha upande wenye namba ndogo, uuwekee alama ya rangi. Kwenye mashine ya CD ya zamani nimeona 70 ikishuka hadi 25.

Sasa kuna ushauri mmoja mbaya ambao mafundi wenzangu wanautoa, na unaniuma. Mtambo ukivuma, wanakata waya wa ethi ndani ya plagi, mvumo unaisha, mteja analipa. Marekani nako kuna adapta ndogo za kugeuza pini tatu kuwa mbili, na watu wamezitumia kwa kazi hiyohiyo. Tarehe 3 Mei 1972, mpiga gitaa Leslie Harvey alishika maikrofoni jukwaani mjini Swansea, vifaa havikuwa na ethi sahihi, akafa mbele ya watu. Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake Mei 1976 akipiga gitaa la umeme ambalo halikuwa na ethi nzuri. Mvumo una dawa nyingine. Usikate ethi.

Turudi Upanga. Waya wa mzee ulikuwa na plagi inayofunguka kwa skrubu. Niliitoa ile ya Kijerumani, nikafunga ya pini tatu: kahawia kwenye laini, bluu kwenye nyutro, kijani chenye njano kwenye ethi, na kila waya nikauvuta kwa mkono kuhakikisha umebanwa. Plagi yetu ina kitu ambacho ya Kijerumani haina, fyuzi yake yenyewe, na ni faida kubwa, kwa sababu breka ya soketi za nyumbani mara nyingi ni ya ampea 20 au 32 na haiwezi kuulinda waya mwembamba. Amplifaya ikawashwa. Volti kwenye kasha, sifuri. Ule uvumaji wa nyuki ukatoweka.

Lakini mzee alinyanyua kidole. "Subiri. Chini kabisa, kuna mwingine."

Alikuwa na masikio. Sasa kulikuwa na mvumo laini, mzito, wa hezi 50 tupu. Amplifaya ilikuwa na ethi mbili: ya ukutani na ya dishi, na kati ya hizo mbili kulikuwa na tofauti ndogo ya volti inayozunguka kupitia RCA. Hapa ndipo watu wanapoamini kwamba ethi ndiyo mbaya, wanarudi kwenye adapta. Nilichomoa kebo ya dishi. Kimya. Nikairudisha. Mvumo. King'amuzi chake kilikuwa na tundu la mwanga nyuma, kwa hiyo tukaunganisha kwa waya wa mwanga na kiboksi kidogo cha kugeuza kuwa RCA. Waya wa mwanga ni plastiki, haupitishi umeme hata chembe, na mzunguko ukakatika bila kugusa ethi.

Mzee akaweka santuri, akazima feni, akafungua sauti kabla sindano haijagusa. Tukakaa hivyo muda, tukisikiliza ukimya. Ule waya wa bei kubwa bado anautumia, na plagi yake mpya ya pini tatu. Adapta nyeupe niliondoka nayo.