Matumizi ya kaya yakipanda, sufuria haijai yenyewe

Ikitangazwa kwamba matumizi ya kaya yamepanda, wengi husikia kwamba watu wana hela na wanakula vizuri. Si lazima. Chukua mama anayenunua dagaa Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza. Sado ikipanda kutoka shilingi 8,000 hadi 10,000, tuseme tu, matumizi yake yameongezeka kwa asilimia 25, lakini dagaa ni walewale. Ndiyo maana wachumi huondoa kwanza mfumuko wa bei. Tarakimu isiyosema kama umeondolewa, mimi huipita.

Halafu kuna idadi ya watu, na hapa ndipo wengi huteleza. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 2.77 mkoani Mwanza. Ya 2022 ikakuta milioni 3.7, ongezeko la theluthi nzima. Hata bei zingesimama palepale, matumizi ya mkoa yangehitaji kupanda kwa theluthi ili kila mtu abaki alipokuwa.

Na si hela ya mfukoni pekee inayohesabiwa. Mihogo ya shambani Ukerewe na samaki ambao mvuvi huwapeleka nyumbani kwa kitoweo hukadiriwa thamani na kuingizwa kwenye matumizi ya kaya. Kaya isiyoshika noti wiki nzima nayo ina matumizi, tena huenda yakazidi ya jirani anayenunua kila kitu.