Mbaazi za asubuhi na gesi ya tumboni: bakteria wanapataje nguvu pasipo hewa?

Hapa Tanga, mbaazi za nazi ndizo asubuhi yenyewe. Saa kadhaa baadaye tumbo huanza kuunguruma, na watu wengi huona haya kuuliza kwa nini. Haya ni maswali ya majirani zangu wa Ngamiani.

Gesi hii si upepo tu tuliomeza?

Tukila kwa pupa au tukinywa soda tunameza upepo, ila mwingi wake hutoka kwa kupiga mbweu. Gesi ya chini hutengenezwa mlemle tumboni. Mbaazi na maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, na mwili wa binadamu hauna kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) cha kuzivunja. Hupita utumbo mwembamba zikiwa nzima, zikaangukia kwa bakteria wa utumbo mpana.

Huko hakuna hewa. Wanaishije?

Hapa ndipo penye utamu wa somo. Sisi tunapotumia glukosi, ile sukari rahisi, elektroni zake (vijichembe vyenye chaji hasi) hupokelewa mwishoni na oksijeni, na glukosi moja hutupatia ATP 30 hivi. ATP ndiyo sarafu ya nguvu ya kila chembe hai. Utumbo mpana karibu hauna oksijeni, kwa hiyo bakteria huikata glukosi vipande viwili na kuambulia ATP 2, wengine hadi 4 kwa kuvikata zaidi vile vipande.

Uchache wa nguvu wanauvumilia. Kinachowabana ni zile elektroni zilizotolewa kwenye sukari. Hubebwa na molekuli maalumu, nazo zikijaa zote, kazi inasimama, mithili ya wachukuzi wa bandarini wenye magunia mabegani na hakuna pa kuyatua. Bakteria wengi huutua mzigo huo kwenye protoni, yaani atomu za haidrojeni zilizopoteza elektroni, ambazo zimo majini. Protoni 2 zikipokea elektroni 2, inazaliwa gesi ya haidrojeni. Anayeifanya kazi hiyo ni kimeng'enya kiitwacho haidrojenesi, chenye madini ya chuma ndani yake. Mbebaji akishatua, anarudi kuchukua mzigo mwingine.

Na mtindi?

Bakteria wa mtindi huurudisha mzigo kwenye kipande cha sukari ileile, kikawa asidi ya laktiki. Ndiyo ule uchachu. Haidrojeni hawatoi.

Haidrojeni inaishia wapi?

Nyingine hutoka kwa chini. Nyingine huingia kwenye damu na kutoka mapafuni, ndiyo maana hospitali zenye kifaa hupima haidrojeni ya pumzi kwa mtu ambaye maziwa humsumbua. Inayobaki huliwa. Vijidudu vingine, jamaa wa mbali wa bakteria, huchukua haidrojeni 4 na kaboni dioksaidi 1 wakatengeneza methani. Wapo pia wanaoiunganisha na salfa, na hapo ndipo inapotoka harufu ya yai viza. Haidrojeni yenyewe haina harufu. Walaji hawa wana faida, kwa sababu haidrojeni ikirundikana, uchachushaji, yaani huko kuvunja sukari pasipo oksijeni, hudorora.

Methani hiyohiyo ndiyo iliyotafutwa kule Hale, mkoani kwetu Tanga, mabaki ya mkonge yalipochachushwa ili kupata gesi ya kuzalisha umeme.

Basi niache mbaazi?

Usiache, tafadhali. Uchachushaji huo hutoa pia asidi ya butiriki, chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Ziloweke usiku kucha. Asubuhi ukikuta povu na harufu ya uchachu, bakteria wameshaanza kazi ndani ya ndoo. Mwaga maji yale, kwa kuwa sehemu ya sukari imeyeyukia humo, suuza, kisha pika kwa maji mapya. Kama hukuzizoea, anza na upawa mmoja. Na usinunue antibiotiki ili kuua bakteria hawa, utajiletea kuhara.

Lini niende hospitali?

Ukipungua uzito bila sababu, ukiona damu chooni, au maumivu yakikuamsha usiku. Tumbo likivimba, ukatapika, na choo wala upepo havitoki, utumbo huenda umeziba: nenda saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.