Ribiti kwanza, injini baadaye

Ndege ninayojenga gerejini ni RV, muundo wa Richard VanGrunsven, aliyeanzisha kampuni ya Van's Aircraft huko Oregon, Marekani, mwaka 1973. Vipande huja kwenye makasha: mabati ya aluminiamu, mbavu za mabawa, mihimili. Injini unanunua ikiwa nzima. Kinachokula jioni zako ni ribiti, vile vijipini vya aluminiamu vinavyofunga bati kwa bati.

Mbona tusichomelee? Bati lenyewe ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya aluminiamu iitwayo 2024-T3, na nguvu yake imetokana na kupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani. Ukilichomelea, joto linaiua nguvu hiyo. Basi kila kiungo kinatobolewa na kufungwa kwa ribiti, maelfu kwa maelfu.

Mgeni hutazama ribiti, mimi natazama tundu. Drili ikipita huacha makali kwenye ukingo, madogo mno kuonekana, ila pitisha ukucha utayasikia yanakwaruza. Makali hayo huzuia mabati mawili yasilaliane vizuri, na ndege ikitetemeka miaka na miaka, ufa huanzia hapohapo. Nayaondoa tundu moja moja, pande zote mbili, kwa mkono mwepesi, maana ukizidisha unalila bati.

Kupiga ribiti kwenye bawa ni kazi ya watu wawili. Mmoja ana nyundo ya upepo upande wa kichwa. Mwenzake kaingiza mkono ndani, kakandamiza kipande kizito cha chuma kwenye mkia wa ribiti. Mkia unabondeka na kuwa kichwa cha pili. Kwa ribiti ya milimita 3.2, kichwa hicho kiwe na upana wa takribani milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Kikilala upande, ribiti inatobolewa itoke. Kwangu mimi, fundi hasa ni huyo mshika chuma, na neno "piga" linatoka kinywani mwake tu.

Sheria ya Marekani inataka sehemu kubwa ya kazi uifanye mwenyewe, kwa kujifunza au kujiburudisha. Mkaguzi huja, cheti hutoka, kisha ndege hurushwa kwa majaribio, kwa kawaida saa 25 au 40, bila abiria. Lakini bawa likishafungwa, macho ya mkaguzi hayafiki kwenye kila ubavu. Kwa hiyo kabla ya bati la mwisho napiga picha kila safu, na mwenzangu anarudia kupima nilikopima.