Boxer Wako Ameshindaje Leo?

Tuliletewa kliniki mbwa dume wa aina ya Boxer, wa miaka miwili, ncha ya mkia imechubuka hadi inavuja damu, viwiko vyote viwili vimeota sugu. Mwenye mbwa alikuwa amechoka. "Daktari, mbwa huyu ana wazimu. Tukimfungulia anaturukia, anachimba chini ya geti, viatu vya watoto kavitafuna vyote." Nikamuuliza: anashindaje? Akanijibu kama wanavyonijibu wengi hapa Dar es Salaam: mchana yumo bandani, usiku anafunguliwa alinde.

Wazimu hakuwa nao. Mkia aliuumiza mwenyewe kwa kuupiga ukutani kila aliposikia sauti za watu wake, maana banda lilikuwa jembamba. Sugu zilitokana na kulala kutwa juu ya saruji. Boxer ana manyoya mafupi, hana cha kumkinga. Hata godoro kuukuu au magunia yaliyokunjwa yangemfaa.

Desturi ya kumfungia mbwa mchana ili awe mkali usiku tumeirithi, na sisi madaktari wa mifugo hatujaisema vya kutosha. Kwa Boxer inaharibu. Aina hii ilianza kukuzwa Munich, Ujerumani, miaka ya 1890, kutokana na mbwa wa wawindaji waliokuwa wakimkamata nguruwe mwitu na kumshikilia mpaka mwenye mbwa afike. Ni mbwa aliyezoea kazi ya kushirikiana na mtu. Ukimtenga na watu, nguvu zake zinaishia kwenye geti na viatu. Hata ulinzi unapungua: asiyewajua wanaoingia na kutoka atambwekea kila mtu, na kelele za namna hiyo mwishowe hakuna anayeamka kuzisikiliza.

Kumbuka pia kwamba Boxer hukawia kupevuka, mara nyingi hadi miaka mitatu. Dume ana kilo 30 au zaidi, lakini kichwani bado mtoto. Akikurukia, usimpige wala usimsukume, kwani kwake kusukumana ni mchezo. Mgeuzie mgongo, nyamaza. Miguu yote minne ikitua chini, hapo ndipo umsemeshe. Nyumba nzima ifuate hivyo, pamoja na dada wa kazi na mlinzi, la sivyo hatajifunza.

Mazoezi ni alfajiri na baada ya jua kutua. Hapa naomba nisikilizwe sana. Mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na pua fupi ya Boxer haimruhusu kuhema vizuri. Kukimbizwa saa nane mchana kwenye joto letu la Januari kunaweza kumuua. Ukimwona anahema kwa kukoroma, mate mazito, ufizi mwekundu sana, anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari huku akiendelea kupozwa. Usimfunike taulo lenye maji ukaliacha hapo. Linafungia joto ndani. Na unapotembea naye, mkanda wa kifuani ni bora kuliko wa shingoni.

Mchana wa joto mpe kazi ya pua. Chukua trei ya mayai ya karatasi, tawanya chakula chake vishimoni, funika na kitambaa kikuukuu. Atanusa, atasukuma, atafikiri, na akimaliza utamkuta kajilaza kivulini ametulia. Kwa yule dume wetu tulianza na dagaa wachache waliotawanywa kwenye nyasi chini ya mwembe. Wiki ya kwanza aliwatafuta kwa papara, akipita juu yao. Aliporudishwa tumwangalie mkia, mwenye mbwa aliniambia siku hizi anaanzia pembeni, anazunguka taratibu, pua haiinuki. Sasa anashinda barazani, na watoto wakirudi shule anajikunja mwili kama mundu kwa furaha, pua karibu iguse mkia.

Chakula gawa mara mbili kwa siku, na asikimbie kwa saa moja hivi baada ya kula. Tumbo likivimba ghafla, naye akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, hiyo ni dharura ya saa ileile. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe. Inapasuka vipande vyenye ncha kali. Chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe zifuate ratiba ya daktari wako.

Zoea pia kumpapasa mwili mzima kila wiki, jioni akiwa amelala. Boxer hupata uvimbe wa saratani ya ngozi kuliko mbwa wengi, na kivimbe kidogo kama punje ya mahindi ndicho tunachotaka kukiona mapema. Moyo nao una maradhi yake katika aina hii. Akizimia akiwa anacheza, hata akiinuka papo hapo na kutikisa mkia, mlete siku hiyohiyo.