Kifaa cha TENS na maumivu ya goti lililosagika

Wagonjwa wenye magoti yaliyosagika huniuliza mara kwa mara kama umeme utawaponya. Umeme haurudishi gegedu iliyolika, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo; kinachoweza kutokea, kwa baadhi yao, ni maumivu kutulia kwa muda.

Kifaa cha TENS hutumia betri na hupitisha mapigo madogo ya umeme kwenye ngozi kupitia pedi zenye gundi zinazobandikwa kuzunguka goti. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango: mishipa minene ya fahamu, ile inayobeba hisia za mguso, ikisisimuliwa, taarifa za maumivu zinazoletwa na mishipa myembamba huzuiwa kwa sehemu kabla ya kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtu aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa na yeyote. Mapigo ya haraka, takribani 80 hadi 120 kwa sekunde, hulenga mishipa hiyo minene, na mgonjwa anapaswa kuhisi mtekenyo wenye nguvu lakini usiouma.

Nadharia hiyo naipenda, ila ushahidi kwa goti ni dhaifu. Mapitio ya mwaka 2009 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta tafiti ndogo zenye kasoro nyingi, zisizotosha kuthibitisha manufaa, na kwa kweli ni vigumu kumpa mtu kifaa bandia cha kulinganishia asigundue, kwa kuwa umeme huhisiwa. Mwongozo wa wataalamu wa baridi yabisi wa Marekani wa mwaka 2019 ulishauri kwa msisitizo kisitumike, na ule wa mwaka 2022 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, nao unakataa.

Kwa hiyo simshauri mtu anunue kifaa hiki kabla hajafundishwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya mbele ya paja, kama vile kuketi na kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika kitu, na kupunguza uzito ikiwa umezidi. Aliye nacho tayari, na anaona kinamsaidia, akiwashe wakati wa mazoezi au matembezi, maana nafuu inayopatikana mtu akiwa amelala tu haimjengei misuli.

Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asitumie TENS bila idhini ya daktari wake. Pedi zisibandikwe juu ya kidonda, wala kwenye ngozi iliyokufa ganzi, jambo ambalo wagonjwa wa kisukari wanapaswa kupimwa kwanza, kwa sababu asiyehisi umeme anaweza kuungua bila kujua.