Suvidi inawezekana bila mashine ya bei ghali

Wengi wanaamini kwamba suvidi, yaani kupika chakula ndani ya mfuko uliozamishwa kwenye maji yenye joto lisilobadilika, haiwezekani bila mashine maalumu na pampu ya kunyonya hewa. Kinachoivisha ni joto la maji kubaki palepale kwa muda wa kutosha. Kwa steki nyembamba ya ng'ombe, kasha la kuwekea barafu lenye mfuniko unaobana hulishika joto hilo vizuri: jaza maji ya nyuzi 60 hivi, na yakianza kupoa ongeza ya moto. Hewa huondolewa na maji yenyewe. Shusha polepole mfuko wa zipu wa kuhifadhia chakula, mdomo ukibaki juu ya maji, kisha ufunge.

Tafadhali usikadirie kwa kidole. Nunua kipimajoto, nacho ukikague: kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kisome 0. Maji yanayochemka husoma karibu 100 Mombasa, ila Nairobi ni kama 94, kwa sababu ya mwinuko.

Kuku na minofu minene nisingeipika kwenye kasha. Hudai saa nyingi, na joto likishuka bakteria huzaliana. Hapo kifaa kinachodhibiti joto kinastahili bei yake.