Mbio mseto za kukimbia na nguvu: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Kati ya mashindano yanayochanganya kukimbia na mazoezi ya nguvu, yanayojulikana zaidi ni HYROX, yaliyoanzishwa Ujerumani mwaka 2017. Muundo wake ni ule ule popote yanapofanyika: mshindani hukimbia kilomita 1, huingia kwenye kituo cha kazi, kisha hutoka kukimbia tena, hadi atimize mizunguko 8. Vituo hivyo ni kuvuta mashine ya ski mita 1,000, kusukuma sleji (chombo cha chuma kinachoteleza sakafuni kikiwa na uzito) mita 50, kuivuta kwa kamba mita 50, kujitupa chini na kuruka mbele mita 80, kupiga makasia ya mashine mita 1,000, kubeba vyuma mikononi mita 200, kutembea kwa kupiga goti mita 100 huku mfuko wa mchanga ukiwa mabegani, na mwisho kurusha mpira mzito ukutani mara 100. Vituo ndivyo vinavyopigwa picha, kwa hiyo wengi hujiandaa kwa vituo, na makosa mengi ya maandalizi huanzia hapo.

Dhana inayotawala ni kwamba mwenye misuli mikubwa ndiye atakayetamba. Hesabu ndogo inatosha kuiangusha. Mtu anayekimbia kila kilomita kwa dakika 5 na sekunde 30 hutumia dakika 44 kukimbia tu, na kwa washindani wa kawaida mbio huchukua zaidi ya nusu ya muda wote. Akipunguza sekunde 20 kwa kila kilomita, anapata dakika 2 na sekunde 40. Ili apate faida hiyo hiyo kwenye vituo, itambidi apunguze sekunde 20 katika kila kimoja, hata kile cha kubeba vyuma ambacho wengi hukimaliza kwa muda wa dakika mbili hivi. Hilo halimaanishi kwamba nguvu ni pambo. Katika daraja la wazi, yaani la washindani wa kawaida, sleji ya kusukuma huwa na kilo 152 kwa wanaume na kilo 102 kwa wanawake, uzito wa sleji yenyewe ukiwemo, na asiyeweza kuisogeza bila kusimama kila baada ya hatua chache hataokolewa na mapafu yake. Lakini ukishavuka kiwango hicho kwa nafasi ya kutosha, kila kilo unayoongeza kwenye skwati, zoezi la kuchuchumaa na kuinuka na uzito, hukupa faida ndogo kuliko iliyotangulia.

Wakimbiaji nao wana kosa lao. Hutazama muda wao wa kilomita 10, wakaugawa, wakaamini kwamba ndio mwendo watakaokwenda nao. Muda huo ulipimwa miguu ikiwa mipya. Mtazame mtu anayetoka kwenye sleji: kiwiliwili bado kimeinama kana kwamba anasukuma, mapaja yamejaa, hatua zimefupika, na mita 200 za mwanzo huenda kwa kuutafuta mwendo badala ya kuuendesha. Uwezo wa kuupata mwendo upesi hufundishika, kwa mfano kwa kukimbia kilomita 1 mara tu baada ya hatua za kupiga goti, kisha kurudia mara tatu au nne. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaogeuza kila zoezi kuwa shindano dogo. Mara moja kwa juma inatosha kwa watu wengi, kwa sababu msingi wa mbio hizi hujengwa kwa kilomita nyingi za mwendo mwepesi, ule unaomruhusu mtu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema.

Kwenye mashine ya makasia na ile ya ski kuna kishikio kidogo pembeni mwa feni, chenye namba 1 hadi 10. Wengi hukifikisha 10 wakidhani ndipo mashine inapotoa matokeo makubwa zaidi. Kazi ya kishikio hicho ni kuamua hewa kiasi gani iingie kwenye feni. Hewa ikiwa nyingi, feni hupunguza kasi upesi kati ya mvuto na mvuto, na kila mvuto huhisi mzito kama gia kubwa ya baiskeli. Lakini mashine huupima mpunguo huo na kuuingiza katika hesabu, hivyo umbali unaoonyeshwa hutegemea nguvu unayotoa, si namba uliyochagua. Kilichobadilika ni mgongo wako kuchoka mapema.

Mashine hizo hizo hufichua dhana nyingine, ya kwamba kila kituo kipigwe kwa nguvu zote. Nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi. Kupiga makasia kwa dakika 2 kwa kila mita 500 hudai takriban wati 200, ilhali kwa dakika 2 na sekunde 5 ni kama wati 180. Kwa mita 1,000 umepoteza sekunde 10 na kuokoa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu, na unayeinuka kwenye kiti hicho bado unadaiwa kilomita tatu.

Imani kwamba kukimbia “kunakula misuli” ina chanzo cha kisayansi na haifai kubezwa. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alichapisha matokeo ya jaribio la majuma 10, ambalo kundi moja lilifanya mazoezi ya nguvu, la pili ya ustahimilivu, na la tatu yote mawili. Nguvu za kundi la tatu zilipanda mwanzoni, kisha zikakwama na kushuka kuelekea mwisho. Wanaolinukuu jaribio hilo husahau wingi wa mazoezi: siku 5 za nguvu na siku 6 za ustahimilivu kwa juma. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba kwa kipimo cha wastani ukubwa wa misuli na nguvu za juu kabisa haviathiriki sana. Kinachoguswa zaidi ni nguvu za mlipuko, yaani zile za kutoa nguvu nyingi ghafla, hasa mazoezi yote mawili yakifanywa katika kipindi kimoja. Kuyatenganisha kwa saa kadhaa kunasaidia.

Asidi ya laktiki nayo husingiziwa maumivu ya kesho yake. Laktati, umbo la asidi hiyo mwilini, ni nishati inayotumiwa na moyo na misuli mingine, na hurudi kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya zoezi.

Mipira 100 ya mwisho hudhaniwa kuwa kazi ya mabega. Ni kazi ya miguu, kwani mpira hupanda kwa msukumo wa mapaja hadi alama iliyo mita 3 kwa wanaume na mita 2.7 kwa wanawake, na nyonga zisiposhuka chini ya magoti mwamuzi hauhesabu mrusho huo. Anayejilazimisha kurusha 60 bila kupumzika ndiye ambaye, akifika 70, huanza kuchuchumaa nusu na kurudia mirusho iliyokataliwa. Aliyepanga mafungu 5 ya 20, na pumzi tano kati yake, humpita hapo hapo ukutani.